Mvua ya Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nimwanzie mtu maneno kabla ya salamu, na sitaanza leo.

Nyumbani tupo. Mama anaendelea na miguu yake. Siku njema anafika mpaka kisimani, siku mbaya anakaa kibarazani na kututuma wote. Kanisa limeezekwa upya upande wa kwaya. Kipima mvua chako bado kimesimama pale pale uani, ndani ya uzio uliouweka ili mbuzi wasijikune. Nimebadilisha miti miwili tu.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na lile sanduku lako la bati, na sijui kama ungeniruhusu. Nikimwambia mchungaji ataniombea. Nikimwambia Mama atalia. Mwenye mali ni wewe, basi bora nikueleze wewe, toka mwanzo.

Walikuja mwezi wa tisa, na gari jeupe la serikali. Mimi nilikuwa napepeta karanga. Akashuka mwanamke mwenye ushungi wa bluu na viatu vya kufunga kamba, akaniambia "mwangaluka" vizuri kabisa, nikamshuku hapo hapo. Mtu wa ofisini akikusalimia kwa lugha ya nyumbani kwako, ujue kuna kitu anakitaka. Akasema anaitwa Dokta Mwajuma, ni mtafiti wa mazao, baba yake alikuwa fundi cherehani pale Tabora mjini. Anatoka kituo cha utafiti, Baba. Kile kile chako. Kimefufuka.

"Mama, tumeambiwa hapa kuna madaftari ya mvua."

"Mmeambiwa na nani?"

"Mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa kituo zamani."

"Huyo alishakufa."

"Ndiyo, mama. Alituambia kabla."

Nikamwambia madaftari yameliwa na mchwa. Nilisema uongo mchana kweupe, ungo uko mapajani, na Bwana alinisikia. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu, hatua chache kutoka pale alipokaa, na kufuli yako juu yake.

Unajua kwa nini nilidanganya. Mimi kile kituo nilikiona kikiwa hai, na nilikiona kikifa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono kupita kati ya vile vipande vya shamba, kila kimoja na kibao chake? Ukanionyesha chumba cha mbegu, chenye mlango mzito na baridi ya kuuma meno. Niliuliza kama mbegu zinaumwa, mbona zimelazwa. Ukacheka ukasema zinangoja. Ukaniambia ile barabara inayopita mbele ya kituo ndiyo waliyopita wapagazi, na babu wa babu yangu alibeba mzigo juu yake mpaka pwani, miezi na miezi, bila kuambiwa ndani mna nini. "Mimi nina bahati," ulisema. "Mzigo wangu naujua. Ni maji ya mvua."

Halafu nikiwa darasa la nne kikaanza kufa. Hawakukifunga siku moja. Kwanza iliisha dizeli ya jenereta, chumba cha baridi kikawa cha moto, dumuzi wakaingia kwenye mbegu. Kisha wataalamu wakahamishwa mmoja mmoja. Kisha mlango ule mzito ukawa hauna kitasa, maana mtu alikihitaji nyumbani kwake. Wewe ukaandika barua kuomba kipima mvua kimoja, ukajibiwa, na ile barua ya ruhusa ukaiweka ndani ya Biblia kwa kuogopa kuitwa mwizi wa serikali. Tukarudi nyumbani Bukene kwa treni. Kipima mvua umekipakata kama mtoto, na mimi mwanao nimesimama!

Mama alikuuliza siku ile unachimba shimo la kukisimika: "Kituo kimekufa. Sasa unampimia nani?"

"Mvua haijaambiwa kwamba kimekufa," ukamjibu, ukaendelea kuchimba.

Saa tatu kamili asubuhi, kila siku. Unatoa chupa iliyo ndani, unamimina maji kwenye ile bilauri nyembamba yenye mistari, unapiga magoti mpaka jicho liwe sawa na maji. Unataja namba. Mimi naitaja baada yako. "Sema tena, mayu," unaniambia, ukiniita mama kwa kilugha chetu, na nikishasema tena ndipo unaandika. Hata kiangazi, chupa kavu, tulisema sifuri mara mbili kama wendawazimu, majirani wakapita wakicheka.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili saa tatu kengele ya kanisa inalia na wewe ni mzee wa kanisa. Nilikwambia siku moja nibaki mimi nipime halafu nikimbie. Ukaniangalia. "Na wewe una roho pia," ukasema. "Mvua ya Jumapili itangoja Jumatatu." Basi Jumatatu chupa ilikuwa na ya jana na ya leo pamoja, ukaandika namba moja, ukaendelea na maisha. Kwako ilikuwa jambo la wazi mno. Hukuona sababu ya kumweleza mtu.

Na ile siku ya karanga? Nilikuwa nimeshaolewa. Nilinunua karanga stesheni kwa mama mmoja anayefungia kwenye karatasi, nikafungua nikaona mwandiko wako. Taarifa yako ya mvua, uliyoandika ukiwa kituoni, na mhuri juu, imefungiwa karanga! Nilikuletea mbio. Uliinyoosha juu ya goti, ukasoma, ukasema, "Siku hii ilinyesha na mawe." Kisha ukaniomba karanga. Lakini nilikuona ukiikunja ile karatasi na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na jioni ukanunua kufuli.

Sasa uniambie, Baba. Watu hao hao, au watoto wao, wanarudi na gari jeupe kutaka hata hayo yaliyobaki. Ningewapa?

Dokta alirudi mwezi wa kumi na mbili. Hakuuliza habari za mchwa. Alileta mfuko mdogo wa mbegu ya karanga, akasema zimetoka kwenye chumba kipya cha baridi, ni za kukomaa mapema, nijaribu. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, hizi ni chambo. Sikuzipanda shambani ambapo watu wangeziona. Nilizipanda nyuma ya choo.

Naona haya kukuambia kilichotokea. Mvua ilikata mapema, kama siku hizi inavyofanya. Karanga zetu za shambani ukizibonyeza zinatoa maji. Zile za nyuma ya choo zilikuwa zimejaa, kavu, zinagonga ndani ya ganda. Nilizichimba peke yangu. Dokta alipopita kuuliza nikamwambia, "Za kawaida tu." Akatazama mikono yangu yenye udongo, akatabasamu, akakaa.

"Mama, nikwambie ukweli," akasema. "Mbegu tunazo nyingi. Tatizo hatujui ipi ni ya kwenu. Lazima tujue mvua ya hapa hukaa siku ngapi, inaanza lini, inakata lini, na siyo mwaka huu tu. Serikali imetuletea mashine ya hali ya hewa, inapima yenyewe kila dakika. Mashine nzuri sana. Lakini imezaliwa juzi. Haijui chochote cha nyuma."

"Basi mngemsikiliza aliyekuwa anajua wakati bado yupo."

"Ndiyo, mama."

Alisema "ndiyo" tu. Hakujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi. Nikamuuliza:

"Kwani nani kakwambia mchwa hawakuyala kweli?"

"Mtu akiliwa vitu na mchwa, analalamika hadi jioni. Wewe ulinijibu haraka."

Nilicheka, Baba. Sikutaka, lakini nilicheka.

Nikampa masharti. Sanduku nalileta mwenyewe. Ufunguo unakaa shingoni kwangu. Kurasa nafungua mimi. Wao wapige picha, na jioni sanduku linaondoka na mimi kwenda kulala kwa shangazi. Akakubali yote, na hilo nalo likanitia shaka, maana mtu anayekubali yote huwa hajasikiliza.

Mwezi wa sita nikapanda treni ya Tabora. Nilikataa kuliweka sanduku juu, nikalipakata mpaka magoti yakafa ganzi. Abiria mmoja akaniuliza, "Mama, umebeba dhahabu?" Nikamwambia, "Maji." Akahama kiti.

Kituo usingekitambua. Marumaru sakafuni, vioo, watu wanavua viatu kuingia chumba kimoja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha mbegu, nikakishika kitasa, nikakitikisa. Ni imara. Mlinzi akanitazama vibaya.

"Na dizeli?" nikamuuliza Dokta.

"Tuna umeme wa jua, mama. Una betri zake."

"Betri zikifa?"

"Zinanunuliwa nyingine."

"Na aliyepanga kuzinunua akihamishwa?"

Akatazama nyuma kama kuna mtu anasikia. "Hilo ndilo hata mimi naliogopa," akasema polepole. "Jengo lina jiwe la msingi na jina la aliyelizindua. Betri hazina wa kuzizindua. Na mkataba wangu mimi mwenyewe una mwisho wake."

Nilitaka anidanganye kidogo, nipate sababu ya kurudi na sanduku langu. Hakunipa.

Basi tukaanza. Kuna mashine yenye mkono na jicho, mimi nafungua ukurasa, inapiga. Aliyekaa kwenye kompyuta ni bwana mmoja wa takwimu, mtu wa makamo kama mimi, mwenye miwani ya kamba. Nililala na ufunguo shingoni siku ya kwanza, nikarudi siku ya pili. Adhuhuri yule bwana akaita.

"Mama, samahani. Huko kwenu Bukene, Jumapili mvua hainyeshi?"

"Inanyesha kama kwa watu wote."

"Humu hakuna. Miaka yote hii, hakuna Jumapili hata moja yenye mvua. Halafu Jumatatu zinazidi siku nyingine zote." Akavua miwani. "Naomba usikasirike. Hizi namba zinaonekana za kupikwa."

Nikafunga daftari, nikafunga sanduku, nikapiga kufuli.

"Baba yangu hakuwahi kupika hata ugali," nikamwambia. "Atapika mvua?"

Dokta akashika ukingo wa sanduku, lakini hakunizuia. "Mama, ibada yenu inaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na mvua ilipimwa saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akamgeukia mwenzake. "Kaka, kwetu mjini cherehani ya mzee wangu ilinyamaza kila Ijumaa mchana. Ukichukua daftari lake la kazi utasema watu wa Tabora Ijumaa hawachanikiwi nguo."

Yule bwana akaguna, kisha akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema ataandika kwamba kila Jumatatu ni ya siku mbili, na kwamba hivyo zinatumika vizuri tu. Akaniomba radhi, kwa heshima, akisimama. Nilipokea. Lakini Baba, kwa mara ya kwanza nilikukasirikia wewe. Neno moja tu ungeandika pembeni, mwanao asingeitwa mtoto wa mpishi wa mvua mbele za watu!

Nilijua pia kwamba sikuwa na haki ya hasira hiyo. Chini kabisa ya sanduku lilikuwa limebaki lile daftari la kijani.

Sasa nifike hapo. Unakumbuka nikiwa darasa la sita walivyokubeba kwenda hospitali ya misheni. Uliniita kitandani, sauti haitoki, ukaniwekea bilauri mkononi. "Sema mara mbili ndipo uandike." Nikaitika. Siku za mwanzo nilifanya hivyo hasa. Nilipiga magoti, nilitaja, nilijijibu mwenyewe. Kisha ikaja palizi, ikaja zamu yangu ya maji, kisha siku moja nikakuta nyoka amejikunja chini ya uzio, na toka hapo sikusogea tena. Nilisimama dirishani nikatunga. Mvua kubwa nikaandika ishirini. Mvua ndogo, tano. Ikinyesha bila kelele, kumi. Mwezi mzima, Baba. Nilimwaga chupa siku moja tu kabla hujarudi, ionekane imetumika.

Ulirudi umekonda, shingo imekuwa ya kuku. Kabla ya uji uliomba daftari. Ulisoma ule ukurasa kwa muda, ukatazama nje, ukasema, "Mvua ya mwezi huu ilikuwa na adabu sana." Nikacheka, nikadhani unatania. Hukucheka. Hukuuliza. Na mimi maisha yangu yote sikujua kama ulijua. Mbele za Mungu nimekiri hasira, nimekiri kusengenya, nimekiri mambo ya ndoa yangu. Hilo sikulikiri. Kila nilipokaribia nilisema, ni namba tu. Daftari la kijani sikulifungua tena, hata ulipokufa na nikayapanga yote, lile nililiweka chini ya mengine kama ninalizika.

Siku ya tatu likafika juu ya meza. Nilifungua kurasa vizuri mpaka nilipouona ule mwezi unakuja, kwa rangi ya wino. Nikashika karatasi mbili pamoja, nikafungua.

"Mama, umeruka," akasema yule bwana.

"Zimegandana."

"Hazijagandana."

Nilimtazama Dokta ule ushungi wake, nikafikiria wanawake wa Bukene, na karanga zao, na mbegu watakayopewa kwa sababu msichana mmoja aliogopa nyoka. Nikafikiria pia jina lako. Kama mwezi mmoja ni wa uongo, nani ataamini miaka iliyobaki? Niliona wazi kwamba nikisema nakuharibu wewe, na nikinyamaza nawaharibu wao.

"Mwezi huo niliutunga mimi," nikasema. "Baba alikuwa hospitali. Muufute. Msimlaumu yeye."

Nikaufungua.

Baba, kulikuwa na mstari wa penseli. Toka juu mpaka chini, umepigwa kwa rula, umepita katikati ya namba zangu zote bila kuzifuta. Na pembeni mwandiko wako wa baada ya ugonjwa, ule uliokuwa unatetemeka: *Mpimaji alikuwa mgonjwa. Mwezi huu usitumike.*

Dokta ndiye aliyeusoma kwa sauti, maana mimi sikuweza. Yule bwana wa takwimu alisogeza kiti, akatazama kwa karibu, akavaa miwani yake vizuri.

"Sasa mengine yote nayaamini," akasema.

Mgonjwa ulikuwa wewe, kweli. Hukusema uongo. Na mimi hukunitaja. Ulijua siku ile ile kabla ya uji, ukatafuta penseli, ukaipigia mstari aibu yangu na kuifunga ndani, kisha ukanirudishia bilauri kesho yake saa tatu kama hakuna kilichotokea. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuogopa bure, na kuwashuku watu wote kwamba watafungua lile daftari.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyofanya, nawe unihukumu. Sanduku nimeliacha. Limo ndani ya kabati la chuma, chumba chenye kitasa. Kufuli ni yako, ufunguo mmoja wanao wao na mmoja ninao. Sikuwaachia hivi hivi, niliomba barua. Wakaandika ya kwenye kompyuta, nikaikataa, nikataka ya mkono na mhuri, iseme madaftari ni ya nani, yako wapi, na nikiyataka nayapata siku hiyo hiyo. Dokta aliiandika mwenyewe mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kosa. Nimeiweka ndani ya Biblia yako, pamoja na ile ya kipima mvua.

Usidhani nimetulia. Kila nikipata nauli nitakwenda kutikisa kile kitasa. Nimewaambia hivyo, mlinzi ameshanizoea. Siku nikikuta betri zimekufa na Dokta kahamishwa, narudi na sanduku langu magotini, na safari hii nitakaa na abiria yeyote.

Wamenipa daftari jipya, kubwa, la jalada gumu, wameniomba niendelee ulipoishia. Nikasafisha chupa, nikatoa buibui. Wana mashine yao huko, lakini wanataka na ya kwetu, walinganishe. Ibada naendelea nayo, usiwe na wasiwasi. Ila nimeongeza jambo moja ambalo wewe hukulifanya. Kila Jumapili naandika: *Sikupima. Nilikuwa kanisani. Soma Jumatatu.*

Sasa ni kiangazi. Leo asubuhi saa tatu nilipiga magoti, magoti yenyewe si yale, nikainua bilauri kavu kwenye mwanga.

"Sifuri," nikasema.

Kibarazani Mama alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Sema tena, mayu."

Ni mimi mwanao,
uliyemrudishia bilauri.